Ukuta wa Akina Mama wa Lundamilo

Wadogo zangu wa idara ya majengo,

Siku mliponiaga mlinipa kiti. Ni kiti kizuri cha mninga, kina mikono mipana ya kuwekea kikombe cha chai, na mke wangu amekiweka barazani hapa Kihesa mahali ambapo kila jirani anayepita lazima akione. Tatizo si kiti, ni mimi. Nikikikalia kidogo tu miguu inaanza kuwasha. Nasimama, nazunguka nyumba, nagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, nasikiliza, nahamia ukuta wa pili. Juzi mke wangu alinikuta nimepanda stuli nachungulia dari ya chumba cha wajukuu.

"Baba Upendo," akasema, "hii nyumba umeijenga mwenyewe. Ina nini leo usichokijua?"

Nikashuka. Kwa hiyo nimeamua kuandika, na hata hapa ninaandika nimesimama, karatasi nimeziweka juu ya kabati la vyombo. Vyeo na mishahara nitavipita, maana vyote viwili vilikuwa vidogo. Nitaandika juu ya makanisa ya zamani tuliyoyahudumia, na hasa juu ya ukuta mmoja ambao mpaka leo hatujamalizana nao. Watu wanaouegemea nawafahamu kwa majina, na mimi ndiye niliyewaambia waegemee.

Mimi ni Mlutheri. Nimezaliwa Mlutheri, nimeoa Mlutheri na nitazikwa Mlutheri, lakini maisha yangu ya kazi nimeyamalizia juu ya mapaa ya Waanglikana. Huku kwetu Waanglikana ni wachache, na walipotaka fundi wa kutunza majengo yao hawakuwa na anasa ya kuchagua dhehebu. Mchungaji wangu alisema ameniazima tu kwa muda. Hawakunirudisha.

Nilianzia Mbeya, chini ya Mzee Ambokile. Alikuwa Mnyakyusa mfupi aliyevaa koti msimu wote, jua liwe linawaka au baridi ya mwezi wa sita iwe inakata masikio. Asubuhi yangu ya kwanza nilifika kwenye kanisa moja la zamani nikiwa na begi la vifaa vipya, mwiko unang'aa, pima maji bado iko kwenye nailoni yake. Nilitaka kuonekana fundi. Mzee Ambokile akalitazama begi lile, akanionea huruma.

"Weka chini," akasema. "Leo tunakaa."

Tukakaa kwenye benchi. Tukala viazi vyetu humo humo. Mchana mvua ya Mbeya ikashuka kama kawaida yake, bila kuaga, na maji yakaanza kudondoka karibu na madhabahu. Nikaruka, nikamwonyesha doa kwenye dari.

"Pale, mzee! Linavuja pale."

"Pale ndipo unapoona maji," akasema bila kuinuka. "Mimi nakuuliza yameingilia wapi. Kaa, kijana. Tazama."

Maji yalikuwa yanaingilia mbali kabisa, juu ya mlango mkubwa, kwenye bati lililotoboka, kisha yanatembea juu ya mbao za kenchi kimya kimya mpaka yanapochoka na kuanguka. Kama ningeanza kazi kwa haraka zangu, ningeziba mahali pasipotoboka. Hilo ni somo la kwanza na ninawaachia kama nilivyopewa: msiguse jengo la zamani kabla hamjaliona likinyeshewa. Mkandarasi atawacheka. Mwacheni acheke, yeye anaondoka na ninyi mnabaki.

Makanisa yetu ya zamani yanafanana kama ndugu waliotengana. Padri wa kizungu alikuja, akachora kwa kumbukumbu kanisa la kijijini kwao, akawaambia watu wajenge. Ndiyo maana paa lina mwinuko mkali wa kumwaga theluji ambayo hatujawahi kuiona, ingawa kwa mvua zetu limefaa kuliko mapaa mengi ya siku hizi. Ndiyo maana madirisha ni membamba, yana matao yaliyochongoka juu, na ndani ni giza kiasi kwamba wazee husoma zaburi kwa kukumbuka. Madhabahu iko mashariki hata kama mlima ungependa iwe kwingine. Na karibu kila mahali kuna mnara ulioanza kujengwa ukaishia usawa wa kifua, padri akarudi kwao, na sasa ni stoo ya majembe.

Lakini mikono iliyojenga ni ya hapa. Tofali zilichomwa bondeni, hapo hapo kijijini, zikapangwa kwa udongo, si kwa sementi. Mzee Ambokile alinifundisha kuuheshimu udongo ule. Ukuta wa tofali laini uliopangwa kwa udongo hunyonya unyevu wakati wa mvua na huutoa jua likirudi. Ukiuvisha sementi umeufunga mdomo. Maji yanaendelea kuingia kwa chini, ila njia ya kutoka hayana tena. Kwa nje utaona ukuta mweupe, mgumu, mzuri wa kupigia picha, kumbe ndani tofali zinaoza taratibu.

Alinifundisha pia kioo. Ukikuta ufa na hujui kama bado unatembea, chukua kipande chembamba cha kioo cha dirisha, ukigandishe juu ya ufa, upande huu na upande huu, kisha nenda zako. Kioo hakinyumbuliki. Ukuta ukisogea hata kidogo, kitakatika. Alipostaafu nilimsindikiza kwao Tukuyu, tukafika akashuka garini na, kabla hajaingia ndani kusalimia, akazunguka nyumba akitazama msingi. Nilicheka sana siku ile. Sasa sicheki.

Nimekutana na mengi kati ya Mbeya na Iringa. Nimefukuza popo waliokuwa wengi kuliko waumini. Kuna parishi moja walikuwa na haraka ya Pasaka, wakaenda Mafinga wakanunua mbao za msonobari moja kwa moja kutoka kwenye lori, mbichi, ukizibonyeza zinatoa maji, wakaezeka. Krismasi paa lilikuwa limejipinda, misumari imechomoza nje, na kwaya inaimba huku inatazama juu. Niliitwa kurekebisha, nikawaambia paa halina ugonjwa, limekauka tu likiwa limekaa vibaya. Mbao za Mafinga ni nzuri, ila zipeni muda. Zilazeni kivulini, zipangeni kwa kupisha hewa, msahau kwamba mnazo.

Sasa nifike Lundamilo, maana naona nazunguka kama ninavyozunguka nyumba.

Lundamilo iko mlimani upande wa Kilolo, na kanisa lake limekaa kwenye mteremko, ukuta wa kaskazini ukiwa umegeukia mlima. Kwa desturi ya Waanglikana wa zamani wanaume huketi kusini na wanawake kaskazini. Kule ukuta wa kaskazini ni wa wanawake kwa maana nyingine pia: wao ndio walioujenga. Wakati ule wanaume wengi walikuwa wamechukuliwa manamba kwenye mashamba ya mkonge, waliobaki wakajenga kuta tatu, na wa nne ukawashinda. Wanawake wakachoma tofali, wakaukamilisha. Ndani, chini ya ukuta huo, waliacha kibaraza cha tofali kinachokwenda urefu wote wa kanisa, ili bibi asiyeweza benchi lisilo na egemeo akae hapo na kupumzisha mgongo. Wanaume hawana kibaraza upande wao. Walilalamika, wakaambiwa wajenge.

Kila mwaka, kabla ya mvua, wanawake walikuwa wanausiriba ukuta huo kwa udongo, samadi na majivu. Ilikuwa siku kubwa, na togwa lilipikwa kwa mapipa. Kilichonywewa zaidi ya togwa sikuwepo kukishuhudia.

Kisha Walutheri wa bondeni, ndugu zangu, wakalipiga kanisa lao lipu ya sementi, likapakwa rangi, likang'aa mpaka likawa linaonekana kutoka mlimani kila mtu anapotoka ibadani. Wana Lundamilo hawakulala usingizi mzuri. Halmashauri ya parishi ikaamua kwamba udongo ni aibu. Sementi ikabebwa kichwani kupandishwa mlima, na waliobeba ni wanawake wale wale, kwa nyimbo. Siwacheki. Waliupenda ukuta wao wakauvisha nguo bora waliyoijua. Tangu hapo kusiriba kukaisha, na ukuta ukaanza kuugua bila mtu kujua.

Nilipoitwa, ukuta ulikuwa umeshapiga tumbo kuelekea nje na una ufa unaopita juu ya dirisha la katikati. Nilikwenda na Injinia Rehema, ambaye ninyi nyote mnamfahamu, wakati huo akiwa mgeni kabisa idarani. Yeye alipima kwa kifaa chake cha mwanga, mimi nikapima kwa timazi yangu ya kamba. Tukapata jibu moja, jambo lililotuudhi wote wawili.

Aliyetupokea ni Mama Eliza, kiongozi wa akina mama, mwanamke mrefu aliyenizidi umri, mwenye sauti ya kuita watu kutoka kilima cha pili.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene, mama."

"Sasa hii ukuta, mama yangu ameikanyagia udongo kwa miguu yake. Kuna watu humu wanataka kuivunja, wajenge kanisa la bloku, na madirisha ya alumini. Mimi sijasoma. Nakuuliza tu, inapona au haiponi?"

Niligonga lipu kwa nyundo, ikalia kama debe tupu. Nikabandua kipande. Nyuma yake tofali ilikuwa imelowa, ukiiparura kwa kidole inamomonyoka kama mkate uliotumbukia kwenye chai. Nikamwambia inapona, ila itabidi tuivue nguo. Mama Eliza akatazama ile lipu aliyoibeba kichwani akiwa bado na nguvu zake.

"Basi ivue," akasema, na akageuka kutazama pembeni.

Halmashauri ilibishana mpaka chai ikapoa. Waliotaka kanisa jipya walikuwa na mchoro wa rangi, na sisi tulikuwa na tofali moja iliyooza juu ya meza. Kasisi alisali, jambo ambalo makasisi hulifanya wanapokuwa hawana la kusema, kisha tukapewa msimu mmoja wa kiangazi. Mvua zikija, ukuta uwe umesimama au uvunjwe.

Sijawahi kufanya kazi kwa mahangaiko kama yale. Tulichimba mfereji upande wa mlimani ili maji yakatizwe kabla hayajafika kwenye msingi. Tuliegemeza ukuta kwa magogo, tukatoa tofali zilizooza kidogo kidogo na kupachika nyingine, tukizichoma kwa udongo wa shimo lile lile la zamani la bondeni, maana tofali ngumu ya kisasa katikati ya laini za zamani ni mgeni anayesukuma wenyeji. Rehema akataka tufunge kuta kwa vyuma vya kupita pembeni, mimi nikakataa, tukagombana kwa siku mbili tatu, nikakubali. Alikuwa na haki. Bila vile vyuma nisingethubutu kusema nilichokuja kusema baadaye.

Kusiriba ndiko kulikotutoa jasho. Mchanganyiko wa zamani hakuna aliyeukumbuka. Kila bibi alikuwa na wake na kila mmoja aliapa kwamba ndio wa mama yake. Tukawapa kila mmoja kiraka chake cha kujaribu ukutani. Baada ya wiki viraka vyote vilikuwa na nyufa, na kila bibi alikuwa anakagua nyufa za mwenzake. Wawili waliacha kabisa kusalimiana. Mwisho Mama Eliza alichoka, akamimina ndoo za wale waliokasirikiana kwenye beseni moja, akaongeza nyasi zilizokatwakatwa, akasema, "Gombaneni humo ndani." Kiraka hicho hakikupasuka. Mpaka leo kila mmoja wao anasema ni mchanganyiko wake uliookoa.

Tukamaliza mawingu yakiwa yameanza kukaa juu ya milima. Ukuta ulikuwa wa udongo tena, mwekundu, mnene, haung'ai hata kidogo. Pale ulipokuwa ufa nikagandisha vioo. Halmashauri ikaitwa, na mkutano huo ndio unaonitoa kwenye kiti chenu kila siku.

Rehema alisimama, akasema, "Kazi imefanyika vizuri. Lakini mimi naomba upande huu usikaliwe na mtu mpaka mvua za msimu mmoja zipite. Tuuone kwanza."

Alisema sahihi. Ni maneno ambayo Mzee Ambokile angeyasema. Lakini nilizitazama nyuso za wale wenye mchoro wa rangi, nikaona wanatabasamu. Ukuta usiokaliwa kwa msimu mzima ni ukuta uliokwisha kuhamwa. Wangeleta mabenchi kusini, wangezoea, na kabla ya kiangazi kingine nyundo zingefika. Mama Eliza hakumwangalia Rehema. Aliniangalia mimi.

"Fundi, tukae au tusikae?"

Nilikuwa nimeugonga ukuta ule wote. Nilikuwa nimelala nao kichwani miezi mingi. Niliamini ulikuwa mzima, na bado naamini.

"Kaeni, mama," nikasema.

Rehema hakunipinga mbele za watu. Nje, tukinawa mikono, aliniambia kwa upole, "Shikamoo yako ipo pale pale, baba, lakini hilo lisingekuwa jibu langu." Mwezi ule ule nikastaafu. Mkanipa kiti.

Kisha mvua zikaanza.

Ninyi mtadhani mstaafu hukumbuka kazi kwa furaha. Mimi kila wingu lililopita juu ya Kihesa kuelekea Kilolo nililihesabu kama deni langu. Niliogopa, na niseme wazi: niliogopa kama sijawahi kuogopa nikiwa juu ya kenchi. Nilimpigia Kasisi simu kumjulia hali. Nikampigia tena kumuuliza mahindi yanaendeleaje. Mara ya tatu akacheka. "Fundi, uliza tu unachotaka kuuliza. Umesimama." Mke wangu akasema kama ningempigia yeye simu hivyo wakati wa uchumba, angenikubali mapema zaidi.

Mvua ilipofika katikati ya msimu, ile isiyokatika, Jumapili moja nilishindwa. Bodaboda alinipeleka mpaka utelezi ulipomkatisha tamaa, nikamalizia kwa miguu. Nikafika ibada imeshaanza. Nilisimama mlangoni nikidondosha maji, na macho yangu yakaenda moja kwa moja kaskazini.

Kwenye kibaraza walikaa mabibi peke yao. Hakukuwa na mama kijana hata mmoja, wala mtoto, wala msichana. Mabibi wenye mvi, wamepangana wamejifunika khanga, migongo ukutani, kutoka mwanzo wa kanisa mpaka mwisho. Upande wa kusini kulikuwa na vurugu. Akina mama wote wanaonyonyesha na watoto wote wa parishi walikuwa wamebanana na wanaume, na mzee mmoja wa kanisa alikuwa anashika zaburi kwa mkono mmoja na mtoto wa watu anayelia kwa mkono mwingine, akionekana kama aliyekabidhiwa kuku mkali.

Baada ya ibada nilimfuata Mama Eliza.

"Mama, nini hiki? Nilisema mkae."

"Si tumekaa?"

"Watoto mmewatoa."

"Tumewatoa." Alikuwa anakunja khanga yake taratibu. "Wewe ulisema tukae. Yule binti injinia alisema tusikae. Wote tumewasikia. Tukakaa sisi ambao tumeshazaa, tumeshalea, tumeshazika waume. Hii ukuta ikiamua kuja, itatukuta tumemaliza shughuli."

"Kumbe hamkuniamini."

"Tulikuamini, baba. Tulikuamini kwa kiasi cha sisi wenyewe. Kwa kiasi cha wajukuu, bado."

Iliniuma. Miezi yote nilikuwa nahangaika nikidhani wamelala fofofo juu ya neno langu, kumbe walikuwa macho kuliko mimi. Nikaenda kwenye ufa ili nisionekane uso. Vioo vilikuwa vizima isipokuwa kimoja, cha juu, karibu na tao la dirisha. Kilikuwa kimekatika katikati, ufa wake mwembamba kama unywele.

Sikukificha. Nilimwita Mama Eliza, nikamwonyesha, nikamweleza maana yake. Mabibi wengine wakasogea, wakakitazama. Nikampigia Rehema hapo hapo, nikitafuta mtandao juu ya mnara wa majembe. Akaja kesho yake na gari la idara, tukakagua tukinyeshewa. Alifikiri ukuta umekaa tu vizuri juu ya tofali mpya, jambo la kawaida, lakini hakuwa tayari kuapa. Mimi pia sikuwa tayari. Tukagandisha kioo kipya kando ya kile kilichokatika.

"Basi waambie wahame," Rehema akaniambia.

Nikawaambia. Niliwaambia kwa sauti, mbele ya Kasisi, kwamba nabadili neno langu, wahame mpaka mvua ziishe. Mama Eliza akasikiliza mpaka mwisho.

"Tukihama sisi, Jumapili inayofuata wanaleta nyundo. Unajua hilo?"

"Najua, mama."

"Basi umetuambia, tumesikia. Hatuhami." Kisha akanipima kwa macho kutoka kofia mpaka viatu vilivyojaa matope. "Ila kama roho yako haitulii, nafasi ipo."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba mimi, Mlutheri na mwanaume, nilimaliza msimu ule wa mvua nikikaa upande wa wanawake wa Kianglikana, mgongo kwenye ukuta wao. Sikuweza kukaa Kihesa nikisikia bati linalia. Mabibi walinibana katikati yao wakanifundisha lini kupiga magoti. Wanaume wa kusini walinitazama mwanzoni kama mtu aliyekosea choo, baadaye wakazoea. "Sasa umekuwa Mwanglikana?" mke wangu akauliza kila nilipofunga kamba za viatu. Nikamjibu kwamba sijui nimekuwa nini, ila nikiwa pale, angalau nahangaika nikiwa karibu. Kila baada ya ibada nilikwenda kwenye kioo kipya kabla ya kusalimia mtu. Wale wenye mchoro wa rangi nao walikwenda, kwa matumaini tofauti.

Mvua zikapungua, zikawa za kukatakata, zikaisha. Jumapili ya kwanza ya anga safi Rehema alipanda mlima na vifaa vyake, akapima ukuta wote kabla kengele haijalia. Alichukua muda mrefu. Akarudia. Kioo kipya kilikuwa kizima. Akasimama mbele ya akina mama, binti mdogo kuliko mabinti zao, akasema, "Haujasogea. Kwa upande wangu, nimeridhika." Mimi sikuongeza neno. Langu lilishatumika.

Tukaingia. Wimbo wa kwanza ukapita na masomo yakasomwa, na kila mtu alikuwa mahali pake pa msimu ule wa mvua. Kabla Kasisi hajapanda mimbarini, Mama Eliza akainuka. Akavuka katikati ya kanisa mbele ya watu wote, viatu vyake vikisikika kwenye sakafu, akaenda mpaka alipokaa mkwe wake na mjukuu wake mdogo. Hakunong'ona. "Mlete," akasema. Akampokea mtoto, akarudi naye, mkwe akimfuata nyuma, akamkalisha kwenye kibaraza kati yangu na yeye. Mama mwingine kijana akainuka na wake, kisha mwingine, na muda si mrefu kusini kukabaki wanaume wakiwa na mikono mitupu wasijue waiweke wapi.

Niliingoja siku hiyo tangu mvua ya kwanza. Nilidhani ningefurahi. Badala yake niliogopa kuliko siku zote, maana sasa alikuwa ni mtoto, shingo laini, macho yamejaa uso, anapiga visigino kibaraza kama mwenye nyumba. Mahubiri sikuyasikia. Nikaupitisha mkono nyuma ya kichwa chake, nikabandika kiganja ukutani na kukibonyeza, kana kwamba mkono wa mzee mmoja mstaafu ungezuia kitu chochote.

Mama Eliza aliuona. Nilimsubiri anicheke. Hakucheka. Akatazama mbele kwa Kasisi, uso umetulia kabisa, kisha taratibu akaupitisha mkono wake nyuma ya mtoto, akaubandika ukutani kando ya wangu, akabonyeza.